Kulala Kabla ya Kuruka

Sogea karibu, wewe utakayeshika waya za mbele baada yangu, maana upepo wa hapa ukingoni huchukua maneno na mimi ninataka yakufikie yote. Nimestaafu juzi tu. Nimepewa saa ya ukutani na leso mbili, na keki ikakatwa. Vyeo vyangu sitakueleza. Vilibadilika mara tatu na kazi ikabaki ileile. Nitakueleza kazi. Na ndani ya kazi hiyo kuna siku moja ambayo bado inanishtua nikiwa napepeta mahindi, nikiwa kanisani, popote. Lakini siku hiyo hutaielewa nisipoanzia mwanzo, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza uelewe mahali. Wageni huuliza watu wanaruka vipi huku kwetu kwenye chai, wakati wamesikia kwamba mabawa haya ya kumbeba mtu huruka kwenye miamba ya pwani, ambako upepo wa bahari hugonga mwamba na kupanda. Mimi huwajibu kwamba pwani yetu ni ziwa. Asubuhi nyanda za miwa kule chini zinapata joto, na kufika saa nne upepo kutoka ziwani unaanza kutembea kuja huku. Unagonga ukuta huu wetu, mahali chai inapokwisha ghafla, na hauna pa kwenda ila juu. Mtu mwenye bawa akiingia ndani ya upepo huo anaweza kukaa hewani hadi achoke. Ila kumbuka, hapa ni Kericho. Kufika saa nane mawingu yamejaa na mvua ya mawe haina adabu. Basi siku yetu ya kuruka ni fupi, na ufupi huo ndio mama wa haraka. Neno hilo haraka utalisikia tena.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo sokoni Chepseon. Nilishona sare za shule, cherehani yangu ikiwa kwenye varanda ya duka la mbegu. Siku moja akaja mwanamume mrefu aliyebeba kitambaa kilichokunjwa kama turubai. Nilimjua kwa sura, alikuwa Njoroge, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la misumari na mabati pale sokoni tangu sijazaliwa. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi, kwenye miji ya pwani, akafundishwa kuruka huko.

"Mama Kibet," akasema, "unaweza kushona hii?"

"Ni hema?"

"Ni bawa."

"Bawa ya ndege gani?"

"Yangu."

Nilidhani ananitania. Nikashona hata hivyo, mshono wa kwenda na kurudi mara tatu, kwa uzi mgumu aliouleta mwenyewe. Aliponiambia nipande pikipiki nije nione kazi yangu, nilikuja kwa sababu ya umbea tu. Nikamwona akiunganisha mabomba, akinyoosha kitambaa, akiingiza mbavu moja moja, akijifunga ndani ya mfuko kama kiwavi. Kisha akabeba lile bawa mabegani, akakimbia hatua sita na kwenda nje ya dunia.

Nilikaa chini kwenye majani. Nilipiga ukemi hadi ng'ombe wakaacha kula. Nilijua kabisa kwamba mtu huyu amekufa na mshono wangu mgongoni mwake. Kisha kivuli kikapita juu yangu. Nikainua macho, naye yuko pale juu, amelala kwa tumbo hewani kama mtu aliye kitandani, ananipungia mkono. Nilimtukana kwa Kikipsigis matusi ambayo mama yangu hakujua ninayajua. Alipotua baada ya saa nzima akasema, "Mshono umekaa, fundi." Wiki iliyofuata nikaanza kazi.

Sasa vifaa. Sindano nene, uzi wa nailoni, ngozi ya kiganjani ya kusukumia sindano, gundi ya viraka, na kidole chako. Kidole ndicho cha muhimu. Ukikipitisha polepole kwenye kila waya utahisi uzi mmoja wa chuma uliokatika kabla jicho halijauona. Mwalimu Njoroge (kufikia hapo sote tulimwita Mwalimu) alinifundisha kufunga macho nikipapasa waya. "Jicho ni kiburi," alikuwa akisema. "Linaona kile lilichoona jana."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mtu aliyekaa ng'ambo.

Kisha akanifundisha kushika pua ya bawa. Kazi hii ndiyo yako sasa, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Mrukaji amesimama ukingoni, bawa liko mabegani, upepo unalisukuma huku na huku. Wewe unasimama mbele yake, chini kidogo, umeshika zile waya mbili za mbele zinazotoka puani. Unamsaidia kulituliza. Upepo ukinyooka, anakwambia uachilie, unaachilia na kuinama pembeni, naye anapita. Jambo lenyewe ni jepesi kuliko kukama ng'ombe mwenye hasira.

Lakini kuna jambo lisiloonekana. Mrukaji ananing'inia kwenye bawa kwa ukanda mmoja tu. Ukanda unatoka kwenye bomba la katikati la bawa, nyuma ya mgongo wake, na unaingia kwenye mfuko wake kwa kulabu ya chuma. Akiwa amesimama chini, bawa likiwa mabegani, mtu aliyeungwa kwenye kulabu na mtu ambaye hajaungwa wanafanana. Tena wenyewe wanahisi sawa, kwa sababu miguu iko ardhini na uzito uko mabegani. Tofauti inajulikana baada ya hatua sita.

Ndiyo maana Mwalimu aliweka desturi ya kulala. Kabla ya kwenda ukingoni, mrukaji anajilaza ndani ya mfuko huku wewe umeshika pua, hadi uzito wake wote uning'inie kwenye ukanda. Unatazama ukanda umekaza, kulabu imefungwa, miguu imo kwenye mikanda, tumbo liko ngumi moja juu ya bomba la chini la kushikia. Yeye anasema, "Nimelala." Wewe unajibu, "Nimekuona umelala." Kwetu hakuna aliyeruka bila maneno hayo. Hata wageni wenye vyeti vya kujaza ukuta walilala.

Nisimsahau Kogo. Kogo ni neno letu la nyanya, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu, hata wa wale waliomzidi umri. Shamba lake la chai liko papo hapo chini ya ukingo, mteremko mkali, na alichuma mwenyewe, kikapu mgongoni, akitukosoa. Kwa sababu upepo unapanda, kila alichosema chini kilitufikia juu kama yuko jikoni mwetu.

"Wee Njoroge! Leo unanitupia nani?"

"Wa Nairobi, Kogo!"

"Mwambie ile ya jana ilikalia chai yangu kama kiti!"

Hilo lilikuwa kweli. Ukiwa juu, shamba la chai ni zulia, na kila mgeni hutamani kutua juu yake. Yule wa jana alitua. Chini ya yale majani laini kuna vijiti vigumu kama vidole vya shetani, vimesukana. Tulimkuta amesimama ndani ya chai hadi kiunoni, suruali imechanika, hawezi kwenda mbele wala nyuma, na Kogo amesimama juu yake na fimbo akimuuliza kama kwao hakuna uwanja. Mwalimu alimwambia mgeni, "Una bahati. Kogo angekuwa amepogoa, vijiti vikabaki vitupu, ungekaa juu ya misumari." Nilishona suruali ile. Haimo kwenye orodha ya kazi zangu lakini nilishona.

Kogo alikuwa na mchezo mmoja zaidi. Kutoka kule chini aliona mrukaji kwa mbele, na alijua kila kitu kinavyotakiwa kukaa. Basi alipenda kutushtua. "Amesahau kofia!" Tunageuka, kofia ipo kichwani, naye anacheka hadi anashika kichaka. "Kiatu imefunguka!" Haijafunguka. Ule ukanda aliuita mkia, kwa sababu usipokuwa na mtu hubembea nyuma kama mkia wa ng'ombe. "Mkia iko nje!" alipiga kelele mara nyingi sana miaka ile, na kila mara tulitazama, na kila mara mkia haukuwa nje. Baadaye tukaacha kutazama. Tukawa tunacheka tu.

Sasa ile siku.

Mawingu yalijaa mapema. Saa tano tayari kule upande wa Londiani kulikuwa kweusi. Mwalimu alitaka kuruka mara moja, dakika kumi tu, kuupima upepo kabla ya kumruhusu Chelimo, mwanafunzi wake wa wiki ile, msichana mwangalifu kutoka Bomet. Mwalimu akavaa. Akaunga kulabu. Akalala.

"Nimelala," akasema.

"Nimekuona umelala," nikajibu. Na kweli nilimwona. Ukanda ulikaza, kulabu ilifungwa. Hata leo nikifumba macho naiona.

Wakati huohuo upepo mkali ukapita na kuinua bawa la Chelimo, lililokuwa limewekwa pembeni. Msichana alining'inia kwenye ncha yake, anaburutwa kuelekea ukingoni. Akaita, "Mwalimu!" Mwalimu akafungua kulabu kwa mkono mmoja, akatoka chini ya bawa lake, akakimbia. Mimi nilibaki nimeshika pua ya lake. Akalilalia bawa la Chelimo kwa kifua, wakaligeuza nyuma yake ielekee upepo, wakalifunga. Akamwambia msichana neno la kumtuliza, nikasikia akicheka. Kisha akarudi mbio, ameinama, akaingia chini ya bawa lake na kuliinua mabegani.

"Haraka, Mama Kibet. Wingu."

Tukasogea ukingoni. Upepo ukanyooka, mzuri, wa moja kwa moja usoni mwake. Na kutoka chini, kwenye chai, sauti ya Kogo ikapanda wazi kabisa.

"Njoroge! Mkia iko nje!"

Nilicheka. Ninataka ulijue hilo kwa mdomo wangu, usije ukaambiwa na mwingine. Nilicheka, na Mwalimu naye akatabasamu.

"Achilia," akasema.

Nikaachilia.

Hatua sita. Kwenye ya saba bawa lilipanda na yeye hakupanda nalo. Niliona mikono yake inateleza kwenye yale mabomba ya pembeni hadi ikashika bomba la chini, na mwili wake wote unaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba. Nyuma yake ule ukanda ulikuwa unabembea. Kulabu ilimetameta. Kichwani mwangu hakukuwa na woga bado. Kulikuwa na sentensi moja tu, ya kijinga: lakini amelala, nimemwona amelala.

Mtu akining'inia hivyo anavuta bawa lielekeze pua chini. Likaanza kushuka kwa kasi juu ya shamba la Kogo. Mbele kidogo shamba linaisha na mwamba unaanza, na baada ya mwamba hakuna kitu hadi kwenye miwa. Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. "Achia! Mwalimu, achia! Achia juu ya chai!"

Ni neno baya kumwambia mtu aliye hewani. Mwili wote wa binadamu unakataa neno hilo. Lakini aliachia. Alianguka kimo cha paa la kanisa, akatoboa ile chai na kupotea. Bawa, likiwa jepesi sasa, liliinua pua, likasimama hewani kana kwamba linafikiri, kisha likapinduka na kuvuka mwamba. Hatukulisikia likianguka. Hilo nalo lilinishangaza, ule ukimya.

Sikumbuki nilivyoshuka ile njia. Nilimkuta Kogo amefika kabla yangu, kikapu bado mgongoni, anatenganisha matawi kwa mikono miwili. Alikuwa hacheki wala halii.

"Anapumua," akasema. "Usimwinue. Tafuta kitu ngumu ya kufunga mguu."

Mguu wa kulia ulikuwa umekunjika mahali mguu haukunjiki. Uso ulikuwa umechanwa na vijiti. Sehemu ile ya chai ilipaswa kuwa imepogolewa mwezi uliotangulia, Kogo akachelewa kwa sababu ya goti lake. Goti la bibi kizee, ndilo lililosimama kati ya Mwalimu na misumari.

Akafungua macho. Akaniona.

"Mama Kibet. Sikulala?"

"Ulilala, Mwalimu."

"Sasa?"

"Halafu ukaamka."

Alifikiri kidogo. "Ee," akasema, "niliamka," na akafumba macho tena.

Chelimo alishuka na mbavu mbili za bawa lake, na nikafunga ule mguu katikati yake kwa vipande vya kitambaa nilivyokata kwa meno, kwa sababu mkasi ulibaki juu. Tulimbeba juu ya kitambaa cha bawa la Chelimo hadi barabarani, mvua ya mawe ikitupiga mgongoni. Lori la kubeba majani ya chai lilikuwa likipita. Tukamlaza juu ya magunia ya majani mabichi, nalo likampeleka hospitali Kericho. Nilikaa karibu na kichwa chake njia nzima, nimeshika upindo wa koti lake kama vile nilivyopaswa kushika zile waya.

Aliishi. Nyonga na mguu viliwekwa vyuma, na hakuruka tena.

Mimi nilirudi Chepseon kwenye sare za shule. Wiki nyingi nilikuwa nikipiga cherehani, ghafla naona vidole vyangu vinafunguka vyenyewe, kama vinaachilia kitu. Wateja walinipa pole bila kujua ni ya nini. Sikuomba kurudishiwa kazi yangu, na niliposikia wametuma mtu kuniita nilijifungia nyumbani.

Alikuja mwenyewe, na magongo mawili. Akakaa kwenye debe la mbegu kando ya cherehani.

"Nani atashika pua?" akauliza.

"Atafutwe mtu mwenye macho."

"Macho yalikuwepo, mama. Yalikuwa yameshaona. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."

Akaendelea, polepole, kama alivyonifundisha kupapasa waya. Akasema kama hatungekuwa na desturi ya kulala, siku ile ningemtazama kabla ya kuachilia, kwa sababu ningekuwa na shaka. Lakini nilikuwa sina shaka. Nilikuwa nimemwona amelala, na yeye alijua nimemwona, na sote wawili tulibeba kile tulichoona dakika kumi nyuma tukakileta ukingoni kana kwamba bado ni kibichi. Kilichotuponza si kwamba hatukukagua. Kilichotuponza ni kwamba tulikuwa tumekagua.

"Na Kogo aliniambia," nikasema. Hapo ndipo nililia. "Aliniambia na nikacheka."

"Mimi pia nilicheka," akasema. "Na mkia ilikuwa yangu."

Tukabadilisha mambo mawili, na mambo haya utayakuta. La kwanza, kulala ni pale pale ukingoni, mahali pa mwisho, na mtu akitoka chini ya bawa hata kufunga kamba ya kiatu, kule kulala kwake kumekufa. Analala upya. La pili, Kogo akisema neno lolote, tunashusha bawa chini. Lolote. Alitujaribu mara mbili na mizaha yake ya zamani, na mara mbili tulishusha bawa, tukakagua kila kitu, tukamshukuru. Mara ya tatu hakufanya mzaha tena. Aliniambia baadaye kwamba kushukuriwa kumemharibia mchezo.

Siku yangu ya kwanza kurudi ukingoni mgeni mmoja, akiwa ameshalala, alitoka chini ya bawa kwenda kuchukua miwani yake ya jua. Alipoingia tena chini ya bawa nikamwambia alale.

"Si nimelala sasa hivi, mama? Na umeniona."

"Nilikuona."

"Sasa shida ni gani? Hujiamini?"

"Sijiamini," nikasema. "Lala."

Akamtazama Mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na magongo yake. Mwalimu akatazama mawingu. Wageni wenzake walikuwa wakicheka, na kule chini Kogo akaita, "Huyo hataki kulala ni mtoto ya nani?" Akalala kwa hasira. Ukanda ulikaza, kulabu ilikuwa imefungwa, kila kitu kilikuwa sawa. Sikumwomba radhi. Nilimwambia, "Nimekuona umelala," na nikaachilia, na vidole vyangu vilifunguka kwa sababu mimi niliviambia.

Nikwambie ukweli, katika miaka yote iliyofuata sikumkuta hata mmoja ambaye hajaungwa. Hata mmoja. Utachoka kuuliza, kama nilivyochoka, na watu wazima watakukunjia uso. Utafika mahali utaona ni ibada tupu. Siku hiyo ndiyo unikumbuke mimi, na ule ukanda niliouona ukibembea.

Basi kesho saa nne, upepo ukishafika, simama mbele ya bawa na ushike waya zote mbili. Mwambie alale papo hapo ukingoni. Angalia ukanda umebeba uzito wake, umwambie umemwona. Akitoka, mwambie alale tena. Kisha sikiliza kidogo kule chini kwenye chai, na kukiwa kimya, achilia.